Mama ana ‘sapu’ ya hisabati, watoto wanatazama

Moshi. Saa tatu usiku Pasua huwa haijalala. Bajaji bado zinashusha watu wanaotoka mjini, muuza chipsi wa kona anakaanga za mwisho, na katika nyumba moja ya vyumba vitatu, upande wa njia ya kwenda Mabogini, meza ya chakula imegeuka darasa. Kijana wa kidato cha tatu amekaa upande huu na daftari la fizikia. Mdogo wake wa kike, wa darasa la tano, yuko upande ule na kazi ya nyumbani. Katikati yupo mama yao, hajavua hata sare ya zamu ya mchana, na mbele yake kuna swali moja ambalo ameshalifuta mara tatu mpaka karatasi imetoboka.

Mama huyu ana miaka 38 na ni muuguzi katika zahanati moja mjini. Ameomba jina lake lisiandikwe. “Wagonjwa wakijua nina sapu ya hesabu wataanza kuogopa sindano zangu,” anasema akicheka. Kisha anaacha kucheka.

Mwaka jana alijiunga na kozi ya mwaka mmoja ya kujiandaa na shahada, kwa kuwa alama zake za stashahada hazikutosha kumwingiza chuo kikuu moja kwa moja. Masomo mengine amefaulu. Hisabati imemrudisha. Ana sapu, yaani mtihani wa marudio, na akianguka tena safari inaishia hapo. Kwa lugha ya wanachuo, “anadisko”. Ada aliikopa kwenye kikoba cha mtaani na mpaka leo anairejesha kila Jumapili. Mumewe, dereva wa Fuso anayesafirisha mazao, alimuunga mkono kwa sharti moja tu: ada hiyo isilipwe mara mbili.

“Mdogo wangu, mimi nimezalisha wanawake usiku umeme umekatika, namulika kwa simu, na mkono haukutetemeka,” ananiambia. “Lakini ile karatasi ya hesabu ilipowekwa mezani, jasho lilinitoka viganjani. Nilisoma swali la kwanza mara nne, sikuona hata neno moja.”

Nilikwenda Pasua nikidhani naandika habari ya mtu mzima anayerudi shule. Nilirudi na habari nyingine.

Hisabati yenyewe ni ipi

Somo linalomsumbua ni lile linalomwandaa mwanafunzi kabla hajafika kwenye kalkulasi: aljebra, milinganyo ya kipeo cha pili, fankisheni na grafu zake, vipeo, logi na trigonometria kidogo. Waliosoma kidato cha tano na sita tahasusi za PCB au CBG wanalifahamu kwa sura ya BAM, lile somo la hisabati ambalo wengi walikutana nalo wakati walishafurahi kwamba kwa kuchagua biolojia wameachana na hesabu.

Na wanaofurahi hivyo si wachache. Kwa miaka mingi, matokeo ya kidato cha nne yanayotangazwa na Baraza la Mitihani (Necta) yameonyesha kuwa kati ya watahiniwa watano, karibu mmoja tu ndiye anayefaulu Hisabati. Mwaka 2023 ufaulu ulipanda ukafika kama robo, na hiyo ikaandikwa kama habari njema. Maana yake ni kwamba nyumba nyingi za nchi hii zina mzazi aliyetoka shule na F ya hesabu, na aliitoka kwa aibu.

Muuguzi wetu ni mmoja wao. Chuo cha uuguzi hakikumzuia kwa F hiyo. Vyuo vingi vya afya hudai kemia, biolojia na fizikia, na hisabati huandikwa kama sifa ya ziada. Akaiacha F yake nyuma, akaolewa, akazaa, akaajiriwa. Miaka 20 baadaye imemfuata mpaka mezani kwake.

Anakumbuka ilipoanzia. Shule ya msingi hesabu alizipenda. MAGAZIJUTO anaikariri hadi leo bila kukosea: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Mlinganyo aliujua, kipeuo alikijua. Kisha akaingia kidato cha kwanza na kila kitu kikabadilishwa jina kwa siku moja, maana sekondari somo hilo hufundishwa kwa Kiingereza. Mlinganyo ukawa “ikwesheni”. Siku ya kuitwa ubaoni alijua kufanya, hakujua kuambiwa nini. Alisimama pale, darasa likacheka, akachapwa viboko viwili vya mkono. “Tangu siku hiyo,” anasema, “nikiona x naona ubao.”

Shule hiyo sitaitaja. Waliopita shule nyingine nyingi wanaweza kuisimulia hadithi hiyo hiyo kwa kubadilisha jina la mwalimu tu.

Dozi ya mtoto

Nilimpa swali. Mtoto ana kilo 12, dozi aliyoandikiwa ni miligramu 15 za parasetamoli kwa kila kilo, na dawa ya maji iliyopo ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Anywe mililita ngapi?

“Saba na nusu,” alijibu kabla sijafunga mdomo.

(Msomaji, usipime dawa ya mtoto kwa mfano huu wa gazetini. Dozi hupangwa na aliyemwona mtoto na kumpima uzito.)

Nikachukua daftari lake nikaandika: 120 kwa 5 ni sawa na 180 kwa x. Akautazama mlinganyo, akanitazama mimi, akautazama tena.

“Hii si ile ile?”

Ndiyo hiyo hiyo. Tukaendelea na dripu: mililita 500 ziishe kwa saa nne, na seti inayotoa matone 20 kwa mililita moja. Alipiga kichwani: matone 42 kwa dakika, kwa kukadiria. Hiyo ni kazi anayoifanya mara nyingi kwa wiki huku mgonjwa analalamika na ndugu wa mgonjwa wanagombana mlangoni. Ni aljebra tupu, ila hajawahi kuambiwa kwamba ndiyo jina lake.

Nilipomsimulia kuwa neno aljebra limetoka kwenye kitabu cha Kiarabu cha Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika karne ya 9, na kwamba al-jabr maana yake ni kurudisha kilichovunjika mahali pake, neno lililotumika pia kwa kuunga mifupa, alipiga kofi mezani. “Aisee! Kumbe ni kufunga hogo tu!”

Hapa sitaki kumdanganya mtu. Kujua dozi hakukufundishi logi. Fankisheni na grafu zina mambo mapya ambayo lazima mtu akae nayo, akosee, arudie, na mwenye zamu za usiku na watoto watatu hana saa nyingi za kukosea. Mwalimu mmoja anayefundisha tuisheni eneo la Majengo aliniambia kuwa wanafunzi watu wazima huanguka zaidi kwenye vitu vidogo vya zamani kuliko vile vipya: sehemu, alama za hasi, kufungua mabano. “Logi anaielewa vizuri,” alisema, “halafu anapoteza alama kwa kutoa tatu kwenye mbili.”

Kwa mama huyu, shimo lilikuwa kwenye mabano. Kila alipokutana na a jumlisha b, yote kipeo cha pili, aliandika a kipeo cha pili jumlisha b kipeo cha pili, akaendelea. Swali zima linaharibika kuanzia hapo. Aliyemtoa kwenye kosa hilo ni mwanawe wa kidato cha tatu, na hakutumia kanuni.

“Mama, chukulia kihamba cha babu kule Kibosho,” kijana alimwambia. “Kina hatua 10 kila upande. Babu akiongezewa hatua mbili kila upande, kinakuwa 12 kwa 12. Hiyo ni 144. Wewe umempa 100, halafu ukampa kakipande ka nne pale kwenye pembe. Jumla 104. Arobaini zimekwenda wapi?”

Akachora. Arobaini zilikuwa kwenye vipande viwili virefu pembeni mwa kihamba, kila kimoja hatua 10 kwa mbili. Ndiyo ile 2ab ambayo mama alikuwa akiambiwa aikariri tangu mwaka 2003 bila kuonyeshwa inakaa wapi. Kwa watu wa mlimani, ambako ndugu huacha kusalimiana kwa sababu ya upana wa hatua mbili za migomba, huo ni mfano usiosahaulika.

Vipeo alivielewa kwa njia yenye uchungu zaidi. Tulichukua mkopo wa Sh500,000, riba asilimia 20 kwa mwezi, na riba isiyolipwa inaongezwa juu ya deni. Baada ya miezi sita deni ni Sh1,492,992. Alirudia hesabu hiyo mara mbili kwa kikokotoo cha simu. Ana shoga yake aliyenaswa na mikopo ya kausha damu, na siku zote alidhani shoga huyo alikuwa anaficha sehemu ya fedha alizokopa.

“Mimi nimefuata kwa mama”

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike makala haya katika ukurasa wa familia na si wa elimu.

Wakati sisi tunachora vihamba, binti wa darasa la tano alikuwa amefunika daftari lake kwa mkono. Mama yake aliuvuta mkono huo. Jaribio la hesabu: 14 kwa 50. Kabla hajaulizwa, mtoto alijibu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja kabila lake: “Mimi nimefuata kwa mama. Hesabu hazinipandi.”

Mama alinyamaza kwa muda mrefu. Baadaye, akinisindikiza hadi barabarani, alisema hakuna siku aliyomwambia mtoto maneno hayo. Ila aliyasema simuni kwa dada yake. Aliyasema kwa jirani aliyemtania kuwa mama mzima anasoma x na y, atazila? Aliyasema kila jioni alipofungua daftari. Na kila jioni, akiwa amechoka, ndiye aliyemsimamia binti huyo kazi ya hesabu, akikunja uso, akifuta, akipaza sauti.

Hofu ya hesabu ina jina katika saikolojia na imepimwa kwa miongo kadhaa. Dodoso maarufu la kuipima lilichapishwa na Frank Richardson na Richard Suinn mwaka 1972. Si ugonjwa, na si sawa na diskalkulia, hali ambayo mtu tangu utotoni hushindwa kushika maana ya namba hata za kawaida, mathalani kujua chenji. Mwenye hofu anaweza kuwa mzuri wa namba sokoni na akaganda kwenye karatasi. Inachofanya hofu ni kukalia nafasi: ile sehemu ya akili inayoshikilia hatua ya kwanza ya hesabu wakati unafanya ya pili inajaa mawazo ya kuanguka, kuchekwa na ada, hesabu yenyewe inakosa pa kukaa. Mwaka 2012 watafiti Ian Lyons na Sian Beilock walionyesha kuwa kwa watu wenye hofu kubwa, kule kungojea kufanya hesabu kuliamsha maeneo ya ubongo yanayohusishwa na kuhisi maumivu ya mwili. Walipoanza kuifanya hesabu yenyewe, hilo halikuonekana. Yaani kinachouma ni kungojea. Niliposoma utafiti huo nilifikiria kile kiganja chenye jasho, na ubao.

Utafiti mwingine ndio uliomkosesha usingizi muuguzi wetu nilipomweleza. Mwaka 2015 Erin Maloney na wenzake huko Marekani walifuatilia watoto wa darasa la kwanza na la pili pamoja na wazazi wao. Watoto wa wazazi wenye hofu ya hesabu walijifunza hesabu kidogo zaidi katika mwaka ule, na hofu yao wenyewe ilikuwa kubwa zaidi mwishoni. Lakini hilo lilitokea pale tu wazazi hao walipokuwa wakiwasaidia mara kwa mara kazi za nyumbani za hesabu. Mzazi mwenye hofu asiyesimamia kazi hizo hakuipitisha hofu kwa namna hiyo.

“Kwa hiyo nimwache?” aliniuliza. “Mtoto apate 14 na mimi nimwache?”

Ni swali la haki, na kusema ukweli lilinibana. Mimi mwenyewe nilichagua uandishi wa habari nikiamini nimeikimbia hesabu, kisha nikapangiwa dawati la afya, ambako kila ripoti inaanza na asilimia. Ninachoweza kusema ni kwamba utafiti ule hausemi mzazi akae mbali na mtoto. Mwaka huo huo, timu ya watafiti akiwamo Beilock ilichapisha kazi nyingine iliyofanyika Chicago: familia zilipewa programu ya hadithi fupi za hesabu za kusoma na mtoto kabla ya kulala. Watoto waliofaidika zaidi walikuwa wale wa wazazi wenye hofu. Nadhani tofauti iko kwenye kukunja uso.

Pasua haihitaji programu kwa hilo. Sasa kazi ya nyumbani ya binti inasimamiwa na kaka yake, naye analipwa kwa kuondolewa zamu ya kuosha vyombo, mkataba uliojadiliwa kwa ukali kuliko bajeti ya serikali. Mama na binti wana lao Jumamosi, wakitoka Soko la Pasua: ndizi nne kwa Sh1,000, tuna Sh3,500, tutabakiwa na nini tukinunua 10? Hakuna daftari. Mtoto akikosea, anakosea na safari inaendelea.

Lipo jambo moja la nyumbani kwetu ambalo nilimwachia kijana yule pia. Ukisimama Pasua asubuhi mlima ukiwa wazi, huko juu ndiko kiliko Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka. Erasto Mpemba alisoma hapo. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, aligundua kuwa mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingizwa kwenye friza ukiwa wa moto uliganda kabla ya ule wa mwenzake ambaye hakuuchemsha kabisa. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, aliuliza darasani sababu yake, mwalimu akamjibu kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba. Tangu hapo kila alipokosea kusoma majedwali ya logi aliambiwa hiyo ni hisabati ya Mpemba, na darasa zima likaidaka. Mwaka 1969, akiwa Mweka, yeye na Dk Denis Osborne wa chuo kikuu Dar es Salaam walichapisha matokeo yao. Wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo mpaka leo, na kwa jina lake.

Muuguzi alisikiliza hadithi hiyo yote na kuchukua kitu kimoja tu. “Kwa hiyo naye alikuwa anakosea logi?”

Siku ya sapu

Alifanya mtihani Jumanne asubuhi, akitoka zamu ya usiku. Nilikuwa nimemweleza juu ya jaribio la Gerardo Ramirez na Beilock la mwaka 2011, ambamo wanafunzi wenye wasiwasi waliandika hofu zao kwa dakika 10 kabla ya mtihani na wakafanya vizuri zaidi kuliko wenzao ambao hawakuandika. Alikaa kwenye ngazi za jengo la chuo, akageuza fomu ya zamani ya wagonjwa wa nje na kuandika nyuma yake. Hakunionyesha yote. Mstari mmoja alinisomea: kwamba anaogopa binti yake atamuuliza amepata ngapi.

Viganja vilitoka jasho kama kawaida, anasema, lakini safari hii maneno ya swali la kwanza aliyaona. La logi aliliruka, akalirudia mwishoni, hana uhakika nalo. La grafu anaamini amelipata. Alipanda bajaji hadi Pasua, akalala saa mbili, akaamka kupika.

Matokeo yanatarajiwa baada ya wiki tatu. Jioni ile binti alimsubiri mlangoni na hakuuliza amepata ngapi. Aliuliza kama lile swali la kihamba cha babu limetoka.

“Limetoka,” mama alimjibu. “Namba nne.”

Mtoto akavuta kiti, akataka aonyeshwe.